Mbegu Isiyoanikwa: Maisha ya Mzee Patrisi Bayo wa Ganako

Padri, wazee, majirani wa Ganako, nanyi wageni wetu mliopanda kwa miguu kutoka Olbalbal, familia imetutuma tuwasimulie maisha ya mzee wetu Patrisi Bayo, aliyezaliwa tarehe 4 Juni 1929 huko Kainam, Mbulu, mtoto wa tatu wa Mzee Bayo Tluway na Mama Ansila, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1942, kisha akajifunza useremala, na wengi wenu mnalala chini ya mapaa aliyoyapiga misumari yeye.

Tarehe 18 Aprili 1953 alifunga ndoa na Mama Lukresia, wakahamia Ganako mwaka 1955, Mungu akawajalia watoto sita, wa kwanza akiwa Marsela, na wote wako hapa.

Mwaka 1971 Mama Ansila alibanwa na kifua, marehemu akapanda msituni kuufuata osokonoi, ule mti wenye majani mabichi masika na kiangazi, ambao gome lake kali kama pilipili wazee wetu huchemsha kwa ajili ya kifua, akaukuta umesimama mkavu, umechunwa pande zote na watu wenye haraka, akarudi mikono mitupu, na mama yake akafariki mwezi Agosti. Hapo akaapa kwamba mti ule utaota nyumbani kwake, ili asiwepo mtu mwingine wa kupanda mlima akakuta mti mfu.

Rafiki yake, Mzee Tajewo wa Olbalbal, aliyekuwa akija kubadilisha mbuzi kwa mahindi, alimletea matunda mabivu, naye akafanya kama sisi wakulima wote tunavyoifanyia mbegu nzuri, akazianika juani, akazipandisha darini kwenye moshi wa jiko zisubiri mvua. Hazikuota. Mwaka uliofuata akazikausha zaidi, hazikuota, na majirani, mnajijua, mkamtania kwamba seremala anataka kuotesha mbao. Mama Lukresia anasema amemwona mumewe akilia mara mbili tu, siku ya msiba wa mama yake na siku alipozifukua mbegu zile akazikuta zimeoza.

Mwezi Novemba 1976 Mama Lukresia alikuwa akipalilia migomba nyuma ya jiko, pale alipokuwa amemwaga maji ya kuoshea matunda pamoja na mbegu ambazo mumewe alizikataa kwa udogo wake, akakuta miche asiyoijua, majani yanang'aa, akainua jembe, kisha akaona atafune jani kwanza, ulimi ukawaka, akapiga yowe tukadhani ni nyoka. Marehemu alikuja mbio, naye akatafuna, akapiga magoti kwenye tope na kusema, "Tulizozitunza zimekufa, tulizozitupa ndizo hizi." Kumbe mbegu ile haijui kusubiri, ukiianika umeiua, na sisi tuliokuwepo hatujaacha kustaajabu.

Tangu hapo mbegu alizoletewa na rafiki yake alizipanda siku ileile ya kuzikamua, zikiwa bado na ute, kwenye makopo ya udongo wa msituni uliochanganywa mchanga na samadi, akazitilia kivuli cha nyasi, akaihamishia miche shambani masika yakishika, akaizungushia miiba, maana mbuzi hawana adabu. Gome aliagiza lichukuliwe upande mmoja tu, na kidonda kipakwe mavi ya ng'ombe, kama alivyofundishwa na Mzee Tajewo.

Oktoba 1987 kifua kilimbana yeye mwenyewe, akatibiwa hospitali, akarudi, na Marsela alipochukua panga kuuendea mti ule wa nyuma ya jiko, ambao sasa umelipita paa, marehemu alikubali kipande kimoja, akakataa cha pili, akisema mti umeshika mimba yake ya kwanza, usisumbuliwe. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Machi 1988, matunda yakiwa yameiva.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi, mafundi wenzake mliochonga jeneza, na Mzee Tajewo aliyefika kabla yetu wengine.

Mlangoni pana ungo wa matunda aliyoyachuma Mama Lukresia leo alfajiri, kila mji uchukue, na tafadhalini, asiyaweke mtu darini, yapandwe leo kabla jua halijazama.

Pumzika kwa amani, Baba Marsela, udongo bado ni mbichi.