Barua Iliyo Mezani

Benchi la kahawa la Osman, nyuma ya msikiti hapa Kitale, lilikuwa limejaa asubuhi hiyo. Nabwile, ambaye kijiwe kizima kinamwita Digrii, alikuwa ameibana barua chini ya kikombe kama mtu anayezuia kuku asitoroke. Ofisi moja ya kilimo ilikuwa imemwandikia kuhusu ombi lake la kazi: your application has been tabled. Basi. Miaka minne ya chuo, mitatu ya kutarmac akisaka kazi, na jibu ni neno la fanicha. Ilibidi ajue maana yake kabla ya saa sita, kwa sababu shule moja kule Kabuchai ilimtaka akafundishe, na mwalimu mkuu alishasema saa sita ikipita atampa mwingine.

Mzee Eliakim, tarishi mstaafu, ndiye alitangulia kutafsiri.

— Balua iko kwa meza, binti yangu. Wakubwa wanaizunguka saa hii. Mvumilivu hula mbivu, na mbivu inaliwa wapi? Si mezani?

Digrii akamweleza, kwa heshima iliyokuwa ikimwishia, kwamba table ilitoka kwa Kilatini, tabula, yaani ubao. Kwamba Mwingereza aki-table jambo analileta lijadiliwe, na Mmarekani aki-table analiweka kando lisahaulike.

— Sasa hawa wetu ni Waingereza ama Wamarekani? akauliza Khisa, seremala anayeitwa Msasa.

Msasa akadai ni yeye aliyeunda meza ya ofisi hiyo, na kwamba droo ya chini waliagiza iwe ndefu kuliko meza yenyewe. Kisha akazidisha.

— Na nyinyi wasomi hamjiulizi kwa nini Kiswahili kinaiita meza. Meza! Ni amri, bana. Ukiiwekea karatasi, inameza.

Benchi likacheka. Digrii alitaka kusema neno hilo lililetwa na Wareno, akakumbuka Wareno hawaajiri mtu Kitale.

Hawo, muuza vitambaa aliyefika hapo kwa mara ya kwanza, alikuwa amesimama akingoja kikombe chake. Akainama akaitazama barua.

— Samahani, dadangu. Kwa hiyo meza, wamesema kuna kiti?

Mzee Eliakim akakohoa. Msasa akakagua kucha zake. Digrii akaisoma barua tena, juu hadi chini, mpaka muhuri, akitafuta kiti. Saa sita kasorobo, akapiga simu.

— Mwalimu, ni Nabwile. Nakuja Jumatatu... Kiingereza? Sawa. Hata hicho nitafundisha.