Siku Aliyofariki Mama Yenu

Kaeni upande mmoja wa kitanda, wote wawili, nisihangaike kugeuza shingo. Wewe binti yangu hapo karibu na mto, na wewe mdogo wake hapo miguuni. Msinikatize, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema mara moja tu.

Ya vitu nitayamaliza upesi. Nyumba hii ni yenu nyote, haiuzwi, wala msiikate kwa ukuta katikati. Cherehani ya mama yenu ni ya binti, ndiye aliyejifunza kuitumia. Meza yangu ya kazi aichukue kijana. Droo ya kushoto hukwama, iinue kidogo ndipo uvute. Yule jirani wa nyuma aliyesogeza uzio, mwacheni. Nilimchukia miaka mingi, na sasa nikiitafuta ile chuki siioni, wala msamaha siuoni. Pamebaki uzio tu.

Limebaki jiwe. Jiwe la kaburi la mama yenu lipo kwa mchongaji tangu mwaka aliofariki, jina limeshachongwa, na chini ya jina hamna kitu, kwa sababu ninyi wawili hamjakubaliana alikufa siku gani. Mara ya mwisho nilipopita pale mchongaji aliniambia, “Mzee, usinione mtovu wa adabu, lakini jiwe lako siku hizi tunalikalia tukinywa chai.” Nami nitalazwa kando ya mama yenu chini ya jiwe hilohilo, kwa hiyo nisiposema leo, mtanizika mkibishana.

Mama yenu alikata roho jioni ya Alhamisi Kuu, jua limeshazama na taa imewashwa. Nilikuwa naye peke yangu. Wewe binti ulikuwa umekimbilia duka la dawa, na wewe kijana ulikuwa unatafuta gari. Nilimfumba macho, nikaliokota shuka lililokuwa limeanguka, nikalikunja, nikaketi. Watu walisema nimejikaza. Sikujikaza. Niliketi tu, na ukiniuliza, mpaka leo sijainuka pale.

Bibi yenu mzaa mama aliizoeza nyumba hii kuhesabu siku tangu machweo. Jumapili yake ilianza Jumamosi jioni, vyombo vimeoshwa, cherehani imefunikwa. Ndiyo maana binti ulisema mama kafa Ijumaa Kuu. Kijana ukaleta cheti cha kifo kutoka ofisini kwenu, kimeandikwa Alhamisi. Wageni wa msiba hawajaondoka, mkaanza.

“Mama hakufia ofisini kwenu,” binti ukasema.

“Wala hakuwa Yesu, dada,” kijana ukamjibu.

Binti ukavaa viatu ukaenda zako. Tangu hapo mna kumbukumbu mbili, mmoja Ijumaa Kuu, ambayo kila mwaka inahama, mwingine tarehe ya cheti. Nimehudhuria zote, nikala kote kote, kama mume wa wake wawili anayewaogopa wote. Wajukuu zangu wakikutana njiani husalimiana kama wapangaji.

Kazi yangu mnaijua. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji cha kanisa, na kalenda ya ukutani ilipita mikononi mwangu kabla ya kwenda mashineni. Aliyenifunza ni mhariri wetu, padri mzee mkavu kama karatasi. Siku moja nilimuuliza kwa nini Pasaka inahamahama, kwani Bwana alikufa mara ngapi? Akacheka, naye hakuwa mtu wa kucheka. “Alikufa mara moja, kijana. Kalenda ndizo nyingi.”

Akanieleza. Wayahudi wa zama zile walianza mwezi mtu alipouona mwezi mwandamo kwa macho. Wingu likikaa magharibi, huenda mwezi ukaanza kesho yake. Siku yao ilianza jua likizama, kama ya bibi yenu. Warumi waliowatawala walianza siku yao usiku wa manane, na miaka waliweza kuihesabu kwa utawala wa Kaisari. Basi anayetaka kuijua siku ya msalaba anashika kalenda mbili zisizopatana: anatafuta, ndani ya miaka ya uliwali wa Pilato, ni Ijumaa zipi zilizoangukia kwenye mwezi mpevu wa Pasaka. Wataalamu hupiga hesabu ya mwendo wa mwezi kurudi nyuma, na wengi wanabakia na miaka miwili, wa thelathini na wa thelathini na tatu. Na ile karamu ya mwisho na msalaba, kwa saa ya ukutani ni siku mbili, kwa hesabu ya machweo ni siku moja. Hata Injili, tatu zinaieleza karamu ile kuwa ndiyo ya Pasaka, ya nne inaonyesha Pasaka ilikuwa haijaliwa.

“Sasa nani kakosea?” nikamuuliza.

Akasema, “Waliozikusanya waliiona tofauti kabla yako. Hawakufuta hata moja. Wamezifunga zote nne ndani ya jalada moja, na wewe kazi yako ni nukta.”

Basi sikilizeni, hii ni amri. Jiwe lichongwe siku zote mbili, Alhamisi na Ijumaa, kwenye mstari mmoja, na kistari kati yake. Mchongaji atauliza kama ni kosa. Mwambieni msahihishaji amelipitisha. Na kumbukumbu iwe moja, humu ndani, jioni ya Alhamisi Kuu. Mtakaa jua likiwapo, mtainuka kukiwa giza. Tarehe ya cheti itahama, Alhamisi yake itabaki: anayehesabu kwa cheti atakuwa amewahi, na anayehesabu kwa machweo atakuwa amewahi.

Nipeni maji... Basi, yatosha.

Mungu awalinde. Awape watoto wenu kugombea kiti kimoja mezani, wapigane, wacheke. Awape... mnielewe, siwaombei mpendane leo. Naomba mkae chumba kimoja.

Siku yangu mimi sasa. Sitaki ipate kalenda mbili. Nikinyamaza, asitoke mtu kwenda dukani, asitoke mtu kutafuta gari. Tazameni dirishani wote wawili kama kuna mwanga au hakuna. Mkubaliane kwanza. Ndipo mwite watu.

Funua pazia... Hapana, si wewe peke yako. Shikeni wote.