Kengele ya Friza Namba Nne

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu waombolezaji, mimi ni Rogathe, binti wa kwanza wa marehemu, na haya ni maisha ya baba yetu, Sefania Mbwambo, kama alivyotaka yasomwe, bila kupunguza.

Alizaliwa hapa Suji tarehe 14 Machi 1961, akasoma hapahapa, akasomea ufundi wa maabara, na tarehe 2 Julai 1986 akaajiriwa na chuo cha tiba, akatunza maabara ya pamoja, ile inayotumiwa na idara zote, hadi alipostaafu mwaka 2021. Tarehe 10 Desemba 1989 alifunga ndoa na mama yetu, Lea, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Wilson. Alikuwa mkali wa usafi, hata mchungaji aliwahi kurudishwa mlangoni akanawe mikono.

Mwaka 2016 aliwaleta watafiti hapa, mkatoa damu watu 212, mama akiwemo, ili ijulikane kwa nini figo zinatumaliza ukoo kwa ukoo, nanyi mkaahidiwa majibu.

Ijumaa tarehe 17 Novemba 2017, akiwahi basi ili Sabato isimkute njiani, alisikia kengele ya friza ikilia, akaibonyeza ikanyamaza, kama walivyozoea wote mle ndani, kila mmoja akidhani friza ni ya idara nyingine na mwenyewe kashapigiwa simu. Ilikuwa namba nne, yenye damu yenu. Jumatatu aliikuta imeyeyuka yote, haifai tena kupimwa, akawaandikia wakubwa wake barua ya kukiri, lakini kwenu akaficha, akachagua kufa na tai shingoni.

Mama alifariki kwa figo tarehe 6 Mei 2019, akiwa bado anamuuliza majibu yatakuja lini. Tangu hapo baba aliisikia kengele ile humu nyumbani, mchana kweupe, akawa anaacha chakula na kwenda kupapasa ukuta akitafuta kitufe, nanyi mkasema ni uzee. Wiki yake ya mwisho hata mimi niliisikia, na niliogopa sana.

Figo zake zilishindwa Februari 2024, akafariki tarehe 3 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu, majirani mliompandisha mlimani, na wenzake wa maabara, waliokuja leo na vichupa vitupu kwa ombi lake. Baba anawaomba radhi, na anawaomba damu tena. Kukataa ni haki yenu, ila tukitoka makaburini mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Pumzika kwa amani, baba, kengele ikilia tutakwenda kuangalia.