Aroni Mhongole, Aliyesawazisha Pikapu za Matela pale Mlandege

Ndugu waombolezaji, mimi ni Fanueli, kaka yake. Nitasoma taratibu, mnivumilie. Huyu ni mdogo wangu wa tatu ninayemsomea, na sauti nayo inachoka.

Marehemu Aroni alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 hapa Igowole, mtoto wa nne wa mzee Ezeri na mama Tulalumba. Mwaka ule baridi ilikuwa kali, mama alisema hata maziwa yalikataa kuganda. Sijui kama ni kweli. Mama alipenda kuongeza chumvi.

Alisoma shule ya msingi hapahapa na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Hesabu alizijua. Kuandika kulimsumbua, kama kunavyonisumbua mimi.

Mwaka 1975 alikwenda Mbeya, Mwanjelwa, kujifunza ufundi wa springi kwa mzee Dawood, mtu mkali mwenye roho nzuri. Mwaka 1989 akafungua gereji yake Mlandege, Iringa. Kazi yake ilikuwa pikapu zinazovuta matela. Tela likishapakiwa mbao, pikapu hukaa chini nyuma, pua ikatazama mbinguni, usukani ukawa mwepesi na breki zisishike. Dawa ni kuongeza springi za nyuma, lakini kwa kipimo. Ukizidisha, pua inainama na tela linaanza kuyumba.

Kwa hiyo hakukubali kupima gari tupu. Bwana Jatin, mfanyabiashara wa mbao, yupo hapa, atanisahihisha. Alikuja siku ya kwanza na pikapu peke yake.

“Fundi, inue nyuma, isimame kama jogoo.”

“Tela liko wapi?”

“Limebaki stoo.”

“Sasa nipime nini, Jatin, upepo? Gari tupu linadanganya, kama mchumba siku ya kuja kujitambulisha. Kalete na mbao zake.”

Jatin alinuna, akaondoka, akarudi na mbao. Tangu hapo hakwenda kwa fundi mwingine.

Tarehe 6 Oktoba 1984 Marehemu alifunga ndoa na Faustina katika usharika wetu wa Kilutheri hapa. Walijaliwa watoto watatu. Evarista, wa kwanza, ndiye aliyerithi spana.

Sukari ilimpata mwaka 2016, na kufikia 2021 macho yalikuwa yanakwisha. Hili hakumwambia mtu ila mkewe, nalo Faustina ameniagiza nilisome bila kulipunguza. Kila alipokuwa anapima, Faustina alikuja na kikombe, akainama kwenye tepu, akasema polepole, “Chai hii, baba Evarista. Themanini na mbili.” Wateja walidhani mama anataja bei, wakacheka. Vipimo vilikuwa sahihi, kwa sababu macho yalikuwa ya Faustina.

Mwezi Februari 2024 Faustina alikwenda Mbeya kumwuguza binti yao Damari aliyejifungua, akakaa huko hadi Mei. Marehemu hakufunga gereji. Aliona aibu. Akapima kwa vidole, pikapu tisa.

Moja ilikuwa ya Jatin. Kwenye mteremko wa Inyala tela liliyumba, likaivuta pikapu mtaroni, na dereva Ezekia akavunjika mguu. Marehemu alipomfuata hospitali, Ezekia alimwambia, “Mzee, usijilaumu. Ilikuwa mvua.”

“Mvua haikupima springi, mwanangu. Nilipima mimi, na sikuona.”

Siku hiyohiyo alimweleza Evarista kila kitu. Wakaanza kuzitafuta nane zilizobaki, kwa maana zilikuwa barabarani na watu ndani. Alipanda mabasi hadi Makambako na Njombe, akishikwa mkono, akiuliza vijiweni. Walipata sita. Evarista alizipima upya, mbili zikawa na kasoro. Hapo Marehemu alikaa chini akalia.

Mwaka huu figo zilishindwa. Alilazwa Iringa tarehe 19 Mei, akafariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi. Nilikuwepo. Alimwuliza Evarista, “Ile ya kijani?”

“Bado, baba.”

Akafumba macho, na hakuuliza tena.

Marehemu ameacha mjane, Faustina, watoto Evarista, Samwel na Damari, wajukuu saba, na mimi kaka yake.

Pikapu mbili hazijaonekana. Ya kwanza ni ya kijani, ya mtu wa upande wetu huu wa Mufindi, anabeba viazi na anacheka kwa sauti nyembamba. Ya pili ni nyeupe, ya mama mmoja aliyesema anakwenda kuhamia Tukuyu. Majina yao hayakuandikwa. Tukitoka kaburini Evarista atasimama pale langoni. Msimpe pole tu. Mwambieni mlikoziona.

Lala sasa, mdogo wangu, kwa amani ya Bwana. Kazi ya kutafuta tumekupokea.