Oili ya Pijo ya Haji Sabri

Hapa Shubra, mtaani kwetu Cairo, ukivaa miwani tu unaitwa mhandisi, ndiyo maana Rifaat, aliyegonga mihuri posta miaka thelathini, ndiye Mhandisi wa benchi letu. Kanali naye hakuwahi kuwa kanali. Aliendesha lori la mikate la jeshi. Alhamisi hiyo baada ya alasiri tulikuwa tumemzingira Haji Sabri nje ya mkahawa. Usiku ule alikuwa anamwoza bintiye, Nihal, na alishamwahidi atampeleka ukumbini kwa gari lake, Pijo 404 ile ile iliyombeba marehemu mama yake siku ya harusi yake. Adhuhuri tulimwaga oili yote ya zamani. Sasa mpya iwe ipi? Gari limekaa kavu kwenye kichochoro cha nyuma, na sisi tuko raundi ya nne ya kahawa.

— Tia nzito, Haji, akasema Kanali. Injini ya mwaka sitini na sita ni mzee, na mzee anataka ful, maharage mazito, hataki supu. Mwenda pole hajikwai.

— Mwenda pole ni wewe na mikate yako, akasema Mhandisi. Nzito haipandi juu. Tia nyepesi ya kisasa, ile inayosafisha.

— Isafishe nini? Uchafu ndio ulioziba nyufa. Ukiutoa, inavuja kotekote. Mficha uchi hazai.

— Methali hiyo inakupinga mwenyewe, Kanali.

— Inanipinga kwa nje tu.

— Jamani, akasema Haji, mie nataka ifike ukumbini Heliopolis. Siendi Aswan, kusini kabisa.

Nami, badala ya kunyamaza, nikajitia ujuzi. Nikasema oili lazima ilingane umri na injini, na kwamba shemeji yangu ana kopo halijafunguliwa tangu mwaka sabini na moja.

— Hilo litakuwa limeiva, akasema Kanali kwa heshima. Ila sisi jangwani oili ilipotuishia tulitia samli. Lori likafika Suez linanukia kama biskuti za Idi.

— Samli ya ng'ombe au ya nyati wa maji? akauliza Mhandisi, na alitaka jibu kweli.

— Ya nyati.

— Basi umekubali nyepesi. Nyati anashinda majini, samli yake imezoea kutiririka.

— Nihal anatoka saluni saa moja, akasema Haji. Duka la oili lile pale, hatua ishirini. Nitajieni moja niende.

— Haraka haraka haina baraka, tukamjibu sote watatu.

Hapo akatokea Hazem, kaka mkubwa wa bwana harusi, mwenye duka la viatu. Shati limemloa jasho.

— Hongera, ami Haji. Samahani nimechelewa, niliichukua Pijo nikaipeleka mtaa wa Rod el-Farag kupambwa maua. Funguo nilizikuta humo humo.

Haji akaweka kikombe chini.

— Imependeza, wallahi. Ila wakati wa kurudi imezimikia darajani, haitaki kuwaka tena. Hivi ile taa nyekundu, iliyowaka njia nzima, ni ya nini?

Kanali akainamia kahawa yake. Mhandisi akavua miwani. Haji macho yalimjaa machozi, nami niliona haya ambayo sijawahi kuiona maishani.

— Au si ya maana? akauliza Hazem.