Mshahara wa Kukaa Nyumbani

Assalaam alaykum, ndugu zangu, na nyinyi msiosalimiana hivyo, hamjambo. Mwenyekiti wa kikundi chetu amenivutia kiti, namshukuru, lakini niacheni nisimame. Nikikaa maneno hayaji. Mkiniona nazunguka hapa mbele msiangalie miguu, sikilizeni.

Wengi mnanijua kwa pasi. Kabla ya korona nilikuwa kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli, kule Aston, kazi yangu mashine ya kupigia pasi. Bosi wetu alizaliwa Kisumu, Kiswahili kinamtoka kama maji, na ndiye aliyenipa kazi nilipofika mji huu wa Waingereza sina ninayemjua. Nalisema hilo mapema ili msije mkamlaani. Mimi mwenyewe simlaani, ingawa kuna siku nilikaribia.

Basi mahoteli yakafungwa. Serikali ikaleta ule mpango wa furlough: mwajiri asikufukuze, wewe kaa kwako, sehemu kubwa ya mshahara wako italipwa na serikali. Sisi tukauita mshahara wa kukaa. Sharti lake, usimfanyie kazi mwajiri wako. Nilipowaeleza wa nyumbani Unguja, dada yangu alicheka mpaka simu ikakatika. Serikali inakulipa ulale? Akataka nimwandikishe na yeye.

Lakini nawaambia, kulala kulinishinda. Nilipiga pasi mapazia, taulo, soksi za watoto. Nilipoanza kupiga pasi vitambaa vya kufutia vyombo, mke wangu aliichukua pasi akaenda kuificha.

Siku hizo hizo bosi akanipigia. Hoteli moja ilikuwa inalaza wauguzi, mashuka yamejaa. Akaniambia, "Ndugu yangu, njoo unisaidie kidogo. Siyo kazi, ni kusaidiana tu. Mlango wa nyuma uko wazi."

Mnauona uzito wake? Mtu aliyekushika mkono ulipokuwa huna kitu anakuambia kusaidiana. Utamjibuje? Kwetu mkubwa haambiwi hapana. Anaambiwa inshallah, halafu mtu haonekani. Na mikono yangu, wallahi, ilikuwa inawasha. Nilishavaa viatu. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, akasimama mlangoni. "Baba, they're paying you not to."

Nikavua viatu. Nikampigia bosi nikamwambia siwezi, serikali inanilipa nisifanye kazi yako, nikija tunaiba sote wawili. Akasema sawa, na sikumsikia tena.

Wenzangu walikwenda. Siwahukumu, kila mtu ana watoto wake. Mpango ulipokwisha, wao wakaitwa kazini. Mimi nikaambiwa kazi zimepungua.

Ndugu zangu, nilichemka. Nilipanda na kushuka Stratford Road nikiuliza kazi duka kwa duka. Nilikwenda mpaka Longbridge kwa miguu, si kwamba sikuwa na nauli, bali kwenye basi ningelazimika kukaa. Huku wanataka cheti, kule wanataka kijana. Nikirudi nagombana na kila mtu, hata na mlango. Na aliyenitajia neno kusaidiana nilimtazama kama mwizi. Hata kikundi hiki nilikikimbia, mnakumbuka. Mlikuwa mkipiga simu naiacha ilie.

Ukaingia Ramadhani. Jirani yetu, dada mmoja ambaye yumo humu na simtaji, akatuletea futari, sahani ya tambi na kaimati. Hakuniuliza habari za kazi, alitoa sahani akaenda zake. Sasa mnajua, sahani ya jirani hairudi tupu. Mke wangu akafungua kabati, akalifunga. Hapakuwa na cha kuweka chenye heshima. Aibu ilinishika, nikavuka barabara, nikamwomba yule dada anipe kanzu za wanawe za Idi. Alishangaa, lakini alinipa. Nilizipiga pasi mpaka kola zikasimama zenyewe, nikazirudisha na sahani yake juu.

Vijana walikwenda kuswali nazo, watu wakauliza. Kabla sikukuu haijaisha mifuko ya nguo imepangwa kwangu mlangoni. Baada ya kanzu zikaja suti za harusi. Leo nina kona yangu ndani ya duka la nguo hapo Sparkhill, na yuko mama mmoja Mkongo niliyemwajiri.

Nilidhani nimepona. Kumbe hasira bado nilikuwa nayo. Sasa umeme umepanda, watu wanajipigia pasi wenyewe, na siku moja ikaingia harusi kubwa wakati sina cha kumlipa yule mama. Nikachukua simu, maneno yapo mdomoni tayari: njoo unisaidie kidogo. Nikajisikia nasema kama bosi. Bosi wangu hakuwa shetani, alikuwa mtu mwenye hofu na mashuka mengi. Hasira ilinitoka pale pale.

Nikamwambia yule mama ukweli: kazi ipo, malipo yake mpaka wiki ijayo, ukitaka kukataa, kataa.

Akasema, "Hapana, papa. Leo niko na kanisa."

Basi! Nikapiga pasi peke yangu mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

Kwa hiyo namshukuru mke wangu, na binti yangu aliyesimama mlangoni. Namshukuru dada wa sahani, Mungu amzidishie. Nawashukuru nyinyi mliompigia simu mtu asiyepokea. Hata ule mshahara wa kukaa naushukuru, watoto walikula. Na nililojifunza ni hili: kama mtu hawezi kukukatalia, usiuite msaada. Jumatatu yule mama alipokuja kazini nilimtangulia kumsalimia, nikamtilia chai.