Turuhusiwe Kusimama Getini

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Hakimu, karakana yetu inakukaribisha kwa mikono miwili. Mara ya mwisho tulipoonana wewe ulikaa, sisi tukasimama. Leo pia umekaa, ila kiti tumekitengeneza sisi, kwa hiyo tafadhali usiegemee upande wa kushoto.

HISTORIA

Sisi ni vijana tuliotoka mahabusu ya watoto, na karibu wote ulitupeleka wewe. Hatuna kinyongo. Bila wewe tusingejuana.

MAFANIKIO

Tunatengeneza meza, viti na milango. Mlango wetu wa kwanza uligoma kufunguka, mwenye nyumba akatokea dirishani, lakini mpaka leo anatusalimia.

Kila jioni tunaitana majina kama kule ndani. Juzi mama mmoja aliyefuata stuli yake naye akaitika "Nipo!" Asiyeitika tunamtafuta. Ndivyo tulivyomkuta mwenzetu Pilipili kazingirwa na majirani wenye fimbo, eti kaiba godoro. Godoro ni lake, alikuwa anahama. Fundi mkuu akaligeuza godoro, akawaonyesha ramani alizochora Pilipili usingizini, akaapa kwamba anazijua zote, maana kule ndani walilala kitanda kimoja. Pilipili hajamsamehe, lakini yu hai.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, wenzetu wakishatoka wanakufa mapema mno. Wengine kwa kipigo kama hicho, wengine kwa dawa za kulevya, wengine kwa kukata tamaa kimyakimya. Kibiriti alipotoka mwaka jana tulikwenda kumpokea. Askari wa getini akatutimua, akasema waliowahi kufungiwa mle wasilisogelee geti. Sisi ndio watu pekee tunaofukuzwa mahabusu. Kibiriti akapokelewa na wenzake wa zamani, walioegesha gari ng'ambo ya barabara. Hakumaliza mwezi. Inatuuma sana.

OMBI

Hatuombi mashine ya randa, ingawa kama unayo usiifiche. Tunaomba neno lako moja kwa yule askari, ili Ijumaa Bati akitoka atukute sisi. Bati ni mdogo wake Kibiriti, na mama yao, yule pale mlangoni, hana mtoto mwingine. Kitanda cha Bati ndicho hicho nyuma yako. Cha kaka yake tulikipasua, tukapata mbao za jeneza.

Mungu akupe umri mrefu, Mheshimiwa, na wewe utuombee na sisi tupate kidogo.

Ni sisi,
Umoja wa Maseremala Tumenyooka